Mwamini na Mwaminifu: Kwa Nini Wamarekani Wengi Wenye Dini Hawawaamini Wakanamungu

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia)





1. Utangulizi

Mnamo mwaka 1831 Mfaransa kijana aitwaye Alexis de Tocqueville alisafiri kwenda Marekani kuchunguza jinsi taifa lile jipya lilivyojitawala. Katika kitabu alichokiandika baadaye alisimulia kisa kimoja cha mahakamani katika jimbo la New York. Shahidi aliitwa kutoa ushahidi, naye akatamka mbele ya hakimu kwamba hasadiki kuwa Mungu yupo, wala hasadiki kuwa roho huishi milele. Hakimu akamkataa, akisema kwamba mtu huyo amekwisha kubomoa mwenyewe imani yote ambayo mahakama ingaliweza kuwa nayo juu ya maneno yake. Magazeti yakalitaja jambo hilo bila kuongeza neno, kana kwamba halikuwa la ajabu.

Tukitafakari kisa hiki kwa utulivu, tutaona jambo la kushangaza. Shahidi yule hakuwa ameshtakiwa kwa uongo. Hakuna aliyesimama kueleza kwamba aliwahi kumdanganya mtu. Angaliweza kushika Biblia, akaapa kama wengine, na hakuna ambaye angalijua yaliyomo moyoni mwake. Alikataliwa kwa sababu alisema kweli. Mwongo angalipokelewa. Na yule aliyeutegemea ushahidi wake kortini naye alipoteza haki yake, ingawa pengine alikuwa mtu wa sala.

Huenda mtu akauliza: Marekani iko mbali, mambo hayo yanatuhusu nini? Tunajibu kwa sababu mbili. Kwanza, ni rahisi zaidi kuliona kosa katika nyumba ya jirani kabla ya kuliona katika nyumba yetu. Pili, mwaka 2019 shirika la utafiti la Pew la Marekani liliwauliza watu wa nchi 34 kama ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo awe na maadili mema. Marekani, watu 44 katika kila 100 walijibu kuwa ni lazima. Kenya, watu 95 katika kila 100 walijibu hivyo hivyo. Basi, hukumu tutakayoitoa juu ya Wamarekani, tujue kwamba itabisha hodi pia katika milango ya Afrika Mashariki.

2. Hali ilivyo

Wanaojiita wakanamungu nchini Marekani ni wachache, kama watu wanne au watano katika kila 100. Hatuwahesabu hapa wale wengi zaidi wasio na dhehebu lolote lakini bado wanamkiri Mungu kwa namna yao. Ingawa ni wachache, hawaaminiwi na wenzao kwa kiwango kinachozidi makundi mengi mengine.

Mwaka 1958 shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani kama wangekuwa tayari kumpigia kura ya urais mkanamungu aliyeteuliwa na chama chao. Walioitikia walikuwa 18 tu katika kila 100. Mwaka 2019 idadi hiyo ilikuwa imepanda kufikia 60. Lakini kwa mgombea Mkatoliki ilikuwa 95.

Mwaka 2006 wataalamu wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha utafiti wao. Walikuwa wamewauliza watu ni kundi gani ambalo halikubaliani kabisa na maono yao juu ya jamii ya Marekani. Wakanamungu ndio waliotajwa kuliko wote, na karibu watu 40 katika kila 100. Waliotangulia mawazoni mwa watafiti kuwa wangetajwa sana, yaani Waislamu na wahamiaji, walikuja nyuma yao. Aidha, watu wapatao 48 katika kila 100 walisema wasingependezwa mtoto wao akifunga ndoa na mkanamungu.

Katika sheria pia yako mabaki ya jambo hili. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, ilikataza mtu kupimwa dini yake kabla ya kupewa wadhifa wa serikali kuu. Lakini majimbo kadhaa yalidai katika katiba zao kwamba mwenye kushika madaraka akiri kuwa Mungu yupo. Katika jimbo la Maryland mtu mmoja, Roy Torcaso, aliteuliwa kuwa ofisa wa kuthibitisha hati na viapo. Alikataa kutamka kwamba anamwamini Mungu, akanyimwa kazi. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba sharti lile lilivunja uhuru wa dini. Hata hivyo, maneno ya namna hiyo hayajafutwa katika katiba za majimbo kama Texas, Tennessee na Mississippi. Hayana nguvu tena, lakini bado yameandikwa.

Tunauliza basi: kutoaminiwa huku kumetoka wapi? Sisi wa Tume tumeona sababu nne zinazostahili kutajwa.

3. Sababu ya kwanza: jicho lionalo sirini

Wahenga walisema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Hekima hiyo ndiyo iliyomo katika mioyo ya waamini wengi wa Marekani. Mtu anayejua kwamba Mungu anamwona gizani hataiba gizani. Na yule anayesema kwamba hakuna Jicho, ni nini kitakachomzuia?

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, ambaye maandiko yake yaliwaathiri sana waasisi wa Marekani, alitumia hoja hiyo mwaka 1689. Aliandika barua mashuhuri ya kutetea uvumilivu katika dini. Lakini akasema kwamba wakanamungu wasivumiliwe, kwa kuwa ahadi, mapatano na viapo, ambavyo ndivyo vifungo vya jamii, haviwezi kuwafunga.

Katika miaka yetu wataalamu wa saikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 2011 Will Gervais na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walitoa matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa watu wa Kanada na Marekani. Waliwasomea watu habari za mtu aliyeligonga gari la mwenzake akaondoka kimya, kisha akaokota pochi akachukua fedha zilizokuwamo. Watu walimdhania mtu huyo kuwa mkanamungu mara nyingi zaidi kuliko kumdhania kuwa Mkristo au Mwislamu. Katika jaribio jingine waliulizwa wangemwajiri nani. Kwa kazi ya kuwahudumia wageni mezani, ukanamungu wa mwombaji haukumpunguzia nafasi. Kwa kazi ya kuwalea watoto wadogo walimkwepa. Jambo hilo linaonyesha kwamba tatizo kubwa ni kukosa kumwamini: yale tunayoyathamini kuliko yote hatuko tayari kuyaweka mikononi mwake.

Hoja hii si upuuzi mtupu. Ni kweli kwamba mtu anayejua kuwa anatazamwa hujichunga. Ni kweli pia kwamba watu wengi wameepuka maovu kwa kumcha Mungu, na sisi wenyewe tumo miongoni mwao. Lakini mwaka uliofuata, 2012, Gervais na mwenzake Ara Norenzayan walionyesha kwamba waamini waliokumbushwa kwanza juu ya kazi nzuri ya polisi walipunguza kutowaamini wakanamungu. Yaani, pale watu wanapoona kwamba sheria inafanya kazi, hawaoni haja ya kumuuliza kila jirani kama anasali. Denmark na Sweden zina watu wengi wasioshika dini, na bado ni miongoni mwa nchi zinazosifiwa kwa uchache wa rushwa. Hatusemi kwamba imani haina kazi. Tunasema kwamba yako macho mengine yanayomlinda binadamu, na mojawapo ni lile ambalo Muumba mwenyewe aliliweka ndani ya kila mtu, yaani dhamiri.

4. Sababu ya pili: kanisa kama barua ya utambulisho

Mwaka 1904 mtaalamu Mjerumani Max Weber alitembelea Marekani. Akiwa safarini kwa garimoshi, katika eneo lililotengewa wenyeji asilia ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Oklahoma, aliketi pamoja na mchuuzi wa herufi za chuma za kuwekwa makaburini. Walipozungumza juu ya dini, mchuuzi yule alimwambia kwamba hakujali mtu anafuata kanisa gani; bali mkulima au mfanyabiashara asiye na kanisa lolote, yeye hangemkopesha hata senti hamsini.

Baadaye, katika jimbo la North Carolina, Weber alishuhudia ubatizo wa Wabaptisti katika maji baridi ya kijito. Ndugu yake aliyekuwa pamoja naye akamdokeza kwamba mmoja wa vijana wale waliobatizwa alikusudia kufungua benki. Kanisa lile lilimchunguza mtu maisha yake yote kabla ya kumpokea. Kwa hiyo aliyepokelewa alikuwa kama amepewa hati ya kuaminika, na watu wa makanisa mengine pia wangempelekea fedha zao.

Tusicheke. Katika nchi ambayo watu walihama kila siku, na ambako mgeni hakuwa na ukoo wala mzee wa kumdhamini, kanisa ndilo lililokuwa ukoo wake. Sisi wenyewe tunajua uzito wa barua ya paroko anayoibeba mtu anapohamia mji mgeni. Lakini desturi hiyo ina upande wake wa pili. Barua ikishakuwa ya lazima, asiye nayo hugeuka kuwa mshukiwa hata kabla hajatenda lolote.

5. Sababu ya tatu: siasa na vita baridi

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani iliingia katika mashindano makali na Urusi ya Kisovieti. Dola ile ilitangaza ukanamungu, ikafunga makanisa na kuwaua mapadre na waamini kwa maelfu. Maovu hayo yalikuwa ya kweli, na Kanisa linawakumbuka mashahidi wake kwa heshima. Lakini Marekani jambo hili lilizaa fikra nyingine: kwamba raia mwema ni mwenye dini, na asiye na dini ni nusu adui. Mwaka 1954 maneno ya kumtaja Mungu yaliongezwa katika kiapo cha utii kwa bendera, ambacho watoto hukitamka shuleni. Miongoni mwa walioshawishi badiliko hilo ni chama cha walei Wakatoliki cha Knights of Columbus. Mwaka 1956 maneno ya kumtumaini Mungu yakafanywa kuwa kauli rasmi ya taifa.

Kisha, mwaka 1963, Mahakama ya Juu ilikataza shule za serikali kuongoza usomaji wa Biblia na Sala ya Baba Yetu darasani. Mmoja wa waliofungua mashtaka alikuwa mkanamungu wa Baltimore, Madalyn Murray O'Hair, mwanamke wa maneno makali. Mwaka uliofuata gazeti la Life lilimwita mwanamke anayechukiwa kuliko wote Marekani. Tangu hapo, kwa waamini wengi, mkanamungu alikuwa na sura moja tu: mtu aliyekuja kuwanyang'anya watoto wao sala.

6. Sababu ya nne: hawajuani

Wale watafiti wa Minnesota hawakuishia kwenye hesabu. Walizungumza pia na watu ana kwa ana. Waligundua jambo la kutufundisha. Baadhi ya waliohojiwa walimfikiria mkanamungu kuwa mtu wa chini, mtumiaji wa madawa ya kulevya au kahaba. Wengine walimfikiria kuwa mtu wa juu, tajiri mwenye majivuno asiyejali ila mali. Picha hizo mbili hazipatani. Zilipatana katika jambo moja tu: hazikutokana na jirani halisi mwenye jina, kazi na watoto.

Nao wakanamungu wengi hujificha. Anayeogopa kukosa kazi, kuvunjiwa uchumba au kutengwa na wazazi hunyamaza. Majirani wanamwamini, wanamwachia funguo za nyumba, wanampa watoto awapeleke shule, bila kujua kwamba hasadiki. Hivyo wema wake hauhesabiwi kamwe kuwa wema wa mkanamungu, na fikra mbaya zinabaki pale pale. Wahenga walisema kweli: asiyekujua hakuthamini.

7. Tukumbuke tulikotoka

Ndugu wapendwa, Mkatoliki anayeisikiliza historia hii hawezi kukaa kama mtazamaji. Katika barua ile ile ya mwaka 1689, Locke alikataa pia kuwavumilia watu ambao kanisa lao huwaweka chini ya utii wa mtawala wa nje, na wasomaji wake walielewa kwamba Wakatoliki wanaguswa. Hoja ilikuwa ile ile ya kiapo: Mkatoliki haaminiki, kwa maana Papa aweza kumfungua kiapo chake.

Maryland, jimbo lile lililomnyima kazi Torcaso, lilianzishwa na bwana Mkatoliki ili ndugu zake wa imani wapate mahali pa kuishi kwa amani. Mwaka 1649 koloni hilo lilitunga sheria ya uvumilivu. Lakini uvumilivu huo ulikuwa wa Wakristo tu, na aliyekana umungu wa Kristo au Utatu Mtakatifu aliwekewa adhabu ya kifo. Haikupita karne moja, mwaka 1718, Wakatoliki wenyewe wakanyang'anywa haki ya kupiga kura katika Maryland hiyo hiyo. Mlango waliouacha wazi kwa ajili ya wengine, wao wenyewe wakatolewa kupitia mlango huo.

Mwaka 1834 umati uliichoma moto nyumba ya watawa wa Ursula huko Charlestown, Massachusetts. Mwaka 1844 makanisa mawili ya Kikatoliki yaliteketezwa mjini Philadelphia. Mwaka 1928 Al Smith, Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais, alipambana na kampeni ya chuki dhidi ya dini yake, akashindwa. Mwaka 1960 John F. Kennedy alilazimika kwenda Houston kuwaeleza wachungaji wa Kiprotestanti kwamba kama rais hatapokea amri kutoka kwa Papa. Na mwaka 1937, Gallup walipouliza kama watu wangemchagua Mkatoliki awe rais, walioitikia walikuwa 60 katika kila 100, idadi ile ile waliyoipata wakanamungu mwaka 2019. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na aliyekwisha kunyolewa, je, ashike wembe kwa furaha?

8. Kosa liko wapi?

Lugha yetu ya Kiswahili ina hazina ambayo hatuna budi kuitumia. Kutoka shina moja la neno tumepata mwamini na mwaminifu. Mwamini ni yule anayesadiki. Mwaminifu ni yule anayeweza kutegemewa, anayerudisha amana ya watu kama alivyoipokea. Maneno haya ni ndugu, na yafaa yaishi nyumba moja. Lakini si neno moja. Mtu aweza kuwa mwamini asiwe mwaminifu, na aweza kuwa mwaminifu asiwe mwamini. Kosa la Wamarekani wengi wenye dini, na kosa letu pia, ni kuyasoma maneno haya mawili kana kwamba ni moja.

Kosa hilo lina madhara pande zote mbili. Upande mmoja linamdhulumu asiyesadiki. Ananyimwa kazi na kura, na ziko kesi katika majimbo ya Marekani ambamo mahakimu, wakiamua nani alee watoto baada ya ndoa kuvunjika, wametia katika mizani kwamba mzazi mmoja haendi kanisani.

Upande wa pili linamfungulia mlango mwovu mwenye kuvaa dini. Tukumbuke yule kijana wa North Carolina aliyebatizwa akikusudia kufungua benki. Miaka 95 baadaye, mwaka 1999, Mfuko wa Kibaptisti wa Arizona ulianguka. Watu wapatao 11,000, wengi wao wazee, walikuwa wameweka humo akiba zao kwa kuwa waliouendesha walikuwa ndugu wa imani. Zaidi ya dola milioni 500 zilihusika katika anguko hilo, na viongozi wakahukumiwa kwa udanganyifu. Hatusemi haya kuwasuta ndugu zetu Wabaptisti. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliwauza watumwa 272, wake kwa waume na watoto, ili kulipa madeni. Nao walikuwa watu waliojua vema kwamba Mungu anaona. Na mwaka 2002 Jimbo Kuu la Boston lilifunuliwa jinsi mapadre waliowadhulumu watoto walivyohamishwa parokia hadi parokia. Wazazi hawakuwa wameuliza maswali, kwa kuwa kanzu ilikuwa imekwisha kujibu yote. Tunasema haya kwa machozi, wala hatuna ruhusa ya kuyanyamazia.

Liko pia dhara la tatu, lililofichika zaidi, nalo linaigusa imani yetu wenyewe. Anayesema, “Asiyemwogopa Mungu hana cha kumzuia kuiba,” amekiri kitu juu ya nafsi yake. Amekiri kwamba yeye haibi kwa sababu tu anaogopa. Hofu ya adhabu ni mwanzo, na Kanisa haliidharau. Lakini si mwisho wa safari. Mtumwa hulima bwana akiwa amesimama kando yake. Mwana hulima hata baba akiwa safarini, kwa sababu anampenda baba, na shamba ni lao wote. Je, sisi tunalima kama nani?

9. Kanisa linatufundisha nini?

Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Warumi katika sura ya pili, anawataja watu wa mataifa wasioijua Sheria, ambao hata hivyo hutenda yaliyo ya Sheria, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Bwana wetu, alipotaka kutuonyesha jirani mwema, alipita mbele ya kuhani na Mlawi, akamwinua Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji walimhesabu kuwa amepotoka katika imani. Katika mfano wa wana wawili, aliyefanya mapenzi ya baba ni yule aliyekataa kwa mdomo, kisha akaenda shambani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilifundisha jambo hili kwa uwazi. Hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964 inasema kwamba wale ambao, bila kosa lao, hawajafikia kumjua Mungu waziwazi, nao hujitahidi kuishi vema, hawanyimwi msaada unaohitajiwa kwa wokovu. Hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ya mwaka 1965, inaukataa ukanamungu bila kificho. Lakini mara inatugeukia sisi: inasema waamini wenyewe wana sehemu isiyo ndogo katika kuzaliwa kwa ukanamungu, pale wanapozembea katika kujifunza imani au wanapoificha sura ya Mungu kwa maisha yao mabaya. Inawaita wanaosadiki na wasiosadiki wafanye kazi pamoja kuujenga ulimwengu huu kwa haki, na inalaumu ubaguzi kati yao.

Tena Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaeleza kwamba anayelisadiki kosa la jirani bila msingi wa kutosha, hata kama ni kimyakimya moyoni, amekosa. Tulidhani amri hiyo inavunjwa kwa mdomo tu. Hapana; huvunjwa pia kwa dhana.

10. Tufanye nini?

Kuwatendea haki wakanamungu si kukubaliana nao. Sisi tunasadiki kwamba Mungu yupo, na kwamba binadamu bila Mungu hukosa kilele cha maisha yake. Tutaendelea kuitangaza imani hiyo. Lakini tunayemtangaza ni Mungu wa haki. Hatuwezi kumtetea kwa dhuluma. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tupime uaminifu kwa matendo. Muungwana ni vitendo. Tunapomchagua mweka hazina au tunapomwajiri mwalimu, tuulize alitunzaje mali na watoto aliokabidhiwa huko alikotoka.

Pili, tusimwache yeyote bila kukaguliwa kwa sababu tu anasali vizuri. Vitabu vya fedha za parokia na vya jumuiya vikaguliwe. Si tusi kwa mtakatifu, na ni kinga kwa maskini.

Tatu, tuchunge ndimi zetu, mimbarini na mitaani. Neno “hana Mungu” lisiwe jina la kumwita mwizi. Kenya chama cha wakanamungu kiliandikishwa mwaka 2016; watu hao wako miongoni mwetu, na huenda wako katika koo zetu.

Nne, na hili ni zito kuliko yote, tuwasikilize watoto wetu. Kijana anapokuja kusema kwamba hawezi tena kusali, anafanya kama shahidi yule wa New York: anasema kweli ambayo ingekuwa rahisi kuificha. Tukimjibu kwa kumwita mpotevu na mhuni, tutamfundisha kusema uongo ndani ya kanisa. Ataendelea kuketi kwenye benchi letu, atapiga magoti pamoja nasi, nasi tutafurahi. Kumbe tumepata mnafiki na kupoteza mwana. Afadhali akae nasi mezani na mashaka yake, aone kwamba watu wa Mungu hawaiogopi kweli.

Hakimu yule alidhani anakilinda kiapo. Ndugu zetu, tujihadhari tusije tukaulinda mlango wa mahakama na kuiacha kweli nje. Kristo ndiye Kweli, naye hajawahi kuhitaji mtu adanganywe au asingiziwe kwa ajili yake.



Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, tunamfahamu mtu yeyote asiyesali ambaye ni mwaminifu katika kazi na ndoa yake? Tumejifunza nini kwake?
2. Ni mara ngapi tumemkabidhi mtu fedha au watoto kwa sababu tu ni mtu wa kanisani? Matokeo yalikuwaje?
3. Kijana wa familia yetu akisema hasadiki tena, neno letu la kwanza litakuwa lipi?
4. Je, katika maisha yetu kuna jambo linaloificha sura ya Mungu kwa wale wasiosadiki? Tutalirekebishaje?